Bluzi Hewani Arua na Koboko: Mwongozo kwa Kijana Anayetaka Kipindi

Mwongozo huu nimekuandikia wewe kijana wa Arua, Koboko, Maracha au Yumbe uliyekutana na bluzi kwenye simu ya kaka yako au katika filamu, ikakushika, na sasa unatamani kukaa mbele ya maikrofoni ili na wengine waisikie. Jambo moja ulijue kabla hujapanda boda kwenda kuomba kazi: redio zetu hazitafuti mtangazaji wa bluzi. Zinatafuta mtangazaji. Utaingia kwa kazi nyingine, utaaminika, kisha utaileta bluzi taratibu, kwa lugha anayoielewa mama muuza mihogo. Anayetaka kuruka hatua hizo huchoka mapema.

Kwa nini redio

Bluzi imelelewa na redio. Tarehe 21 Novemba 1941, kituo cha KFFA katika mji mdogo wa Helena, Arkansas, kilianza kipindi cha King Biscuit Time. Kilikuwa cha dakika kumi na tano, na kilirushwa saa sita na robo mchana, vibarua wa mashamba ya pamba wakiwa wamepumzika kula. Sonny Boy Williamson alipuliza harmonika, Robert Lockwood akapiga gitaa, na kampuni iliyouza unga ikalipia. Sonny Payne, aliyekishika kipindi hicho mwaka 1951, alikiendesha mpaka alipofariki mwaka 2018.

B.B. King naye alianza kwa kidogo. Mwishoni mwa miaka ya 1940 alipewa dakika kumi katika redio WDIA ya Memphis, apige gitaa na kutangaza dawa ya kuongeza nguvu iliyoitwa Pepticon. Hata hilo jina la B.B. alilipata redioni, ni kifupi cha Blues Boy. Na Ali Farka Touré wa Mali, kabla dunia haijamjua, alikuwa fundi mitambo wa Radio Mali mjini Bamako, kazi aliyoiacha mwaka 1980.

Tazama kinachojirudia: muda mfupi, saa inayomfaa msikilizaji, mdhamini mwenye bidhaa ya kila siku. Arua ya leo ina hesabu hiyo hiyo.

Kwa nini hapa kwetu

Watakuuliza muziki wa Wamarekani unatuhusu nini. Uwe na jibu, na liwe la kweli. Usiseme bluzi ilitoka hapa kwetu West Nile, kwa sababu haikutoka. Watu waliopelekwa utumwani kusini mwa Marekani walichukuliwa hasa Afrika Magharibi na Afrika ya Kati upande wa Atlantiki. Mtafiti Gerhard Kubik, aliyefanya pia kazi ndefu juu ya muziki wa Uganda, aliandika kitabu kizima kuhusu Afrika na bluzi mwaka 1999, na mizizi mingi aliyoifuata inaelekea kwenye savana za Afrika Magharibi na za katikati, mbali na kwetu.

Jibu lako liko katika maisha ya watu. Wakati wa ukoloni West Nile ilifanywa ghala la vibarua: vijana waliondoka kwenda kusini kukata miwa Lugazi na Kakira, wakawaacha wake na wazazi. Miaka hiyo hiyo, watu weusi wa kusini mwa Marekani walikuwa wakipanda treni kwenda kaskazini; kati ya mwaka 1910 na 1970 walihama takriban milioni sita. Muddy Waters alikuwa mmoja wao, akafika Chicago mwaka 1943. Kwetu vikaja vita vya 1979 na 1980, familia nzima za Arua na Koboko zikavuka mpaka kuingia Zaire na Sudan, nyingine zikakaa huko miaka. Leo kambi za Bidibidi, Imvepi na Rhino Camp zimewapokea ndugu wa Sudan Kusini, na Lobule ya Koboko imewapokea Wakongo. Mtu aliyewahi kuondoka nyumbani na kifurushi kimoja hahitaji kufundishwa maana ya bluzi. Anahitaji mtu wa kumwambia wimbo huu unasema nini. Huyo mtu ni wewe, na hiyo ndiyo kazi yote iliyo mbele yako.

Hatua ya kwanza: sikiliza kwa mpango

Usianze na Robert Johnson. Najua wapenzi wa bluzi watanibishia. Alirekodi nyimbo 29 tu, San Antonio mwaka 1936 na Dallas mwaka 1937, nazo ni hazina. Lakini kwenye redio ndogo ya betri msikilizaji mgeni atasikia mikwaruzo kabla ya gitaa. Mimi ningepanga hivi:

1. Ali Farka Touré, hasa albamu Talking Timbuktu ya mwaka 1994 aliyorekodi na Ry Cooder. Sikio lililozoea adungu, kinubi cha kwetu, halipati shida kumpokea.
2. John Lee Hooker. Anaweza kukaa kwenye mpigo mmoja wimbo mzima, mguu ukigonga sakafu. "Boogie Chillen'" ya mwaka 1948 inatosha kukuonyesha.
3. B.B. King, albamu Live at the Regal, iliyorekodiwa Chicago Novemba 1964. Sikiliza nyimbo, kisha rudia usikilize anavyozungumza na watu katikati ya nyimbo. Hilo ni somo la utangazaji.
4. Muddy Waters wa Chicago, miaka ya 1950, gitaa likiwa limeingia umeme.
5. Mamie Smith na Bessie Smith. Wanawake ndio waliofungua soko la santuri za bluzi. "Crazy Blues" ya Mamie Smith ilirekodiwa Agosti 1920.
6. Robert Johnson na Charley Patton, sikio likishakomaa.

Weka daftari. Kwa kila wimbo andika jina, mwaka, mahali uliporekodiwa, nani anapiga nini, na kisa chake kwa sentensi mbili za lugha yako. Hizo sentensi mbili ndizo utakazozisema hewani. Ukishindwa kuziandika, wimbo huo bado hujauelewa; usiupige.

Jifunze pia kuhesabu. Bluzi nyingi huzunguka katika baa kumi na mbili, kila baa mipigo minne. Mwimbaji anatoa mstari, anaurudia, kisha anautolea jibu katika mstari wa tatu. Gitaa nalo linamjibu kila anapovuta pumzi. Hesabu kwa vidole mpaka ujue kabla ya wakati sauti inaingia wapi na inatoka wapi. Mtangazaji asiyejua kuhesabu humkatiza mwimbaji neno mdomoni, na msikilizaji hukasirika hata kama hajui kilichomuudhi.

Hatua ya pili: ingia redioni kwa mlango uliopo

Redio za eneo letu hazifanani. Radio Pacis, iliyoanza mwaka 2004 chini ya Jimbo Katoliki la Arua, hurusha vipindi kwa lugha kadhaa za West Nile na ina maadili ya kanisa. Voice of Life nayo ni ya Kikristo. Arua One inaishi kwa biashara. Koboko kuna Spirit FM. Kila moja inataka mtu wa aina yake, kwa hiyo:

1. Chagua redio moja na uisikilize kwa majuma mawili, asubuhi hadi usiku, ukiandika ratiba yake. Tafuta saa inayolegea: mtangazaji anarudia nyimbo zile zile, au kompyuta inajiendesha yenyewe. Hapo ndipo pana nafasi.
2. Jiulize una nini ambacho wao hawana. Mara nyingi jibu ni lugha. Kijana anayesoma habari vizuri kwa Kikakwa, Kilugbara, Kiaringa, Kinubi na Kiswahili ana thamani kuliko anayeiga lafudhi ya Kampala.
3. Omba kujitolea kwenye kazi ambazo wengine hawazipendi: kutafsiri habari, kupokea simu za salamu, kupanga matangazo, zamu ya alfajiri. Omba kwa barua, ukitaja siku unazoweza kufika.
4. Kubaliana mwanzo muda wa kujitolea, na kama utapata nauli. Miezi mitatu inaeleweka. Mwaka mzima bila senti wala barua si mafunzo tena.
5. Jifunze mitambo kwa fundi, si kwa kubahatisha. Mletee maswali wakati hayuko kazini hewani.
6. Ukishaaminika, peleka pendekezo la kipindi kwa meneja wa vipindi: ukurasa mmoja wenye jina la kipindi, saa, lugha, nani atasikiliza, nani anaweza kudhamini. Ambatanisha demo.

*KISANDUKU: Demo ya dakika tatu*

Rekodi kwa simu ndani ya chumba chenye magodoro, mapazia au nguo nyingi. Vitambaa hunyonya mwangwi. Simu iwe shibiri moja kutoka mdomoni, pembeni kidogo, ili herufi P na B zisipasuke.
– Sekunde 20: salamu na jina la kipindi.
– Sekunde 40: kisa cha wimbo mmoja, kwa lugha ya wasikilizaji.
– Dakika moja: kipande cha wimbo, sauti yako ikitoka kabla mwimbaji hajaanza.
– Sekunde 40: tangazo la duka, ulilolitunga mwenyewe.
– Sekunde 20: kuaga na kutaja saa ya kipindi kijacho.
Lile tangazo usiliache. Meneja atakusikiliza kwa sikio la mtu anayelipa mishahara.

Hatua ya tatu: mdhamini

Hapa vijana wengi hukwama, na ndipo ninapotaka ukae nami kidogo. Redio ya biashara inauza muda. Ukija na mapenzi tu, utasikilizwa kwa adabu na kurudishwa nyumbani. Ukija na muuza spea za pikipiki aliyekubali kulipia majuma manne, mazungumzo yanabadilika.

Usiende kwenye makampuni makubwa. Hayo hununua muda kupitia Kampala. Nenda kwa wenye maduka wanaosikiliza redio dukani: spea, simu, sola, unga, vifaa vya ujenzi, mabasi. Koboko, wafuate wanaouza kwa wateja wa pande tatu, kwa sababu mawimbi ya FM hayasimami kwenye kituo cha forodha. Kipindi cha Koboko hufika kwa ndugu wa upande wa Kongo na wa Kaya, Sudan Kusini. Mpelekee demo yenye tangazo lake tayari, umsikilizishe hapo hapo. Muulize wateja wake hufungua redio saa ngapi. KFFA walichagua saa ya chakula cha vibarua. Wewe labda utachagua saa tatu usiku, maduka yakiwa yamefungwa na walinzi wako macho na redio zao.

Pesa ipokelewe na ofisi ya redio, kwa risiti. Isipite mfukoni mwako hata kwa siku moja.

*TAHADHARI*

Mtu yeyote akikuomba pesa ili akupatie kazi ya utangazaji, ondoka. Zipo pia redio zinazomuuzia mtangazaji saa nzima ili akatafute matangazo mwenyewe; usikope pesa kununua muda huo kabla hujawa na mdhamini aliyesaini. Na bahasha ya mwanasiasa anayetaka "kusalimia tu" katikati ya muziki irudishe, mbele ya shahidi.

Hatua ya nne: kupanga saa moja

Chukua saa tatu hadi saa nne usiku:

– Taarifa fupi za habari: dakika 5
– Matangazo: dakika 8
– Simu na ujumbe: dakika 8
– Maneno yako: dakika 9
– Muziki: dakika 30

Nusu saa ya muziki ni kama nyimbo kumi za zamani, kwani santuri za wakati ule zilibeba dakika tatu hivi kila upande. Dakika tisa za maneno zinaonekana nyingi, lakini ukizigawa kwa nyimbo kumi hupati hata dakika moja kwa wimbo. Ndiyo maana ya zile sentensi mbili za daftari.

Usipige bluzi kumi mfululizo katika majuma ya kwanza. Ziweke jirani na muziki ambao watu wanaujua. Septemba 1974, kwenye tamasha la Zaire 74 mjini Kinshasa, B.B. King alipanda jukwaa lile lile walilopanda Franco na Tabu Ley. Kwa msikilizaji wa Arua aliyekulia kwenye rumba, hiyo ni njia iliyo wazi: piga Franco, simulia Kinshasa kwa sentensi mbili, kisha mpige B.B. King. Usiku huo hatakuona mgeni.

Kabla ya kila wimbo simulia kisa kwa lugha ya mahali. Usitafsiri neno kwa neno. Sema ni nani anaongea, ana shida gani, anaamua nini. Kama kipindi ni cha Kiswahili, mara moja moja rudia kisa kwa Kilugbara au Kinubi, hasa anapopiga simu mzee.

Usisahau imani za watu. Wapo waumini wanaoiona bluzi kuwa muziki wa ulevi. Usibishane nao hewani. Wasimulie habari za Thomas Dorsey, mpiga kinanda wa bluzi aliyejulikana kama Georgia Tom. Mwaka 1932 alifiwa na mkewe katika uzazi, na mtoto akafa pia. Katika msiba huo akatunga "Take My Hand, Precious Lord", na leo huitwa baba wa muziki wa injili wa watu weusi Marekani. Kwenye redio ya kanisa, huo ndio mlango wako. Mwezi wa Ramadhani zungumza na meneja mapema kuhusu saa ya kipindi. Koboko na Yumbe zina Waislamu wengi, na saa ya tarawehe si saa yako.

Sheria unazopaswa kuzijua

Utangazaji Uganda unasimamiwa na Tume ya Mawasiliano, UCC, chini ya Sheria ya Mawasiliano ya mwaka 2013. Jedwali la nne la sheria hiyo lina viwango vya chini vya utangazaji: kutokwenda kinyume na maadili ya umma, kutochochea vurugu wala chuki za kikabila, kutopotosha habari, na kuwapa wagombea nafasi sawa. Omba nakala ya jedwali hilo ulisome lote, ni fupi.

Kwa mtangazaji wa bluzi hili lina maana ya pekee. Nyimbo nyingi za zamani zina maneno ya mafumbo: chakula kinachoimbwa si chakula, na funguo si funguo. Nyingine zinajisifu kumpiga mwanamke au kumtoa mtu roho. Soma maneno yote ya wimbo kabla ya kuupiga. Wa mafumbo uweke usiku. Wa kusifu kipigo uache kabisa. Hatuna upungufu wa nyimbo nzuri kiasi cha kuhitaji huo.

Kuhusu hakimiliki, Uganda ina sheria ya mwaka 2006, na chama cha UPRS hukusanya malipo kwa niaba ya watunzi. Muulize meneja redio imepangaje malipo hayo, kisha andika orodha ya nyimbo ulizopiga kila kipindi: jina, mtunzi, mwimbaji. Orodha hiyo ndiyo inayowezesha mtunzi kulipwa. Na mtaje mtunzi hewani. Wanamuziki wengi wa bluzi walikufa maskini huku wengine wakila jasho lao. Kutaja jina ni jambo dogo tunaloweza kuwafanyia.

Makosa yanayoua kipindi

Kuiga lafudhi ya Kimarekani. Msikilizaji anakujua wewe ni mtoto wa nani.

Kugeuza kipindi kuwa darasa la tarehe. Tarehe moja kwa wimbo inatosha.

Kupuuza simu za salamu kwa kuziona za kishamba. Anayetuma salamu Ariwara au Adjumani ndiye anayewaambia watu sita wafungue redio. Mpe nafasi, umuulize angependa wimbo unaofuata apigiwe nani.

Kutegemea intaneti. Mtandao utakatika usiku wa mvua. Nyimbo zote ziwe kwenye kompyuta ya studio na kwenye flashi mbili. Umeme nao ukiyumba mpaka jenereta iwake, uwe na kisa cha dakika mbili kichwani, ili mawimbi yakirudi sauti yako iwe tayari.

*ORODHA: nusu saa kabla ya kwenda hewani*

☐ Nyimbo kumi na mbili zimepangwa, mbili za akiba
☐ Kila wimbo umesikilizwa mpaka mwisho, leo
☐ Sentensi mbili za kila kisa zimeandikwa
☐ Matangazo yamehakikiwa na ofisi
☐ Sauti ya rekodi za zamani imelinganishwa na za sasa, isije moja ikanong'ona na nyingine ikapiga kelele
☐ Vipokea sauti vinafanya kazi pande zote mbili
☐ Simu ya studio ina chaji
☐ Maji ya kunywa, mbali na mitambo
☐ Simu yako umeizima

Ukishazoea: walete wapigaji wa nyumbani

Baada ya miezi mitatu kipindi kikiwa kimesimama, tenga robo saa kila mwezi kwa muziki wa hapa. Wamadi wana o'di, kinubi chao cha bakuli, ambacho UNESCO ilikiingiza mwaka 2016 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, kwa sababu wazee wanaokijua wanapungua. Waalur na Walugbara wana adungu na baragumu za agwara. Mpigaji mmoja wa adungu akikaa kando ya wimbo wa Hooker, wasikilizaji watakupigia simu usiku mzima.

Fanya hivi. Nenda kwa mzee mwenyewe nyumbani, ukiwa na mtu wa ukoo wake, usimwite kwa simu kuja mjini. Mwombe ruhusa ya kurekodi na ruhusa ya kurusha. Ni ruhusa mbili tofauti. Kubalianeni malipo kabla hajagusa nyuzi, na umlipe siku hiyo hiyo. Weka maikrofoni karibu na tundu la sauti la ala, si mbele ya mdomo wake, kwani sauti ya mtu itafika yenyewe. Rekodi jina lake, ukoo wake, kijiji, nani alimfundisha, na wimbo huimbwa katika tukio gani. Umsikilizishe yote mkiwa bado uani, afute asichokitaka. Kisha umwachie nakala kwenye kadi ya simu ya mjukuu wake, na umwambie siku na saa wimbo utakapopigwa, ili awe na redio karibu.